Kuvua Rufiji Penye Viboko na Mamba

Mimi ni mvuvi wa mshipi wa pwani ya Dar es Salaam. Maji niliyoyazoea ni ya chumvi, kuanzia Kigamboni hadi kuelekea Mbudya, na siku nikijaliwa napeleka samaki Soko la Feri kabla mnada haujapoa. Huku kwetu hofu ni kusi ikivuma, au boti inayopita usiku bila taa. Kwa hiyo Mjomba aliponipigia simu kutoka Rufiji kunieleza kwamba maji yamepungua na kambare wanapatikana, akili yangu ilikimbilia kwenye ndoana. Yeye alikuwa na lingine la kuniambia.

"Njoo, lakini mazoea ya baharini yaache huko huko. Mto huu una wenyewe."

Nilipita Kariakoo nikanunua mshipi mnene, ndoana na tochi ya kichwani, na alfajiri nikawa Mbagala Rangi Tatu natafuta basi la Ikwiriri. Kongowe, Vikindu, Mkuranga, Kimanzichana, Bungu, Kibiti: ni barabara ya korosho na mananasi, na kila basi linaposimama madirisha yanajaa mikono ya wachuuzi. Sehemu hiyo haina mengi ya kusimulia. Safari yenyewe kwangu ilianza baada ya Ikwiriri, gari lilipopanda Daraja la Mkapa. Daraja hili lina mita 970 na lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla yake watu wa Lindi na Mtwara walivuka kwa pantoni pale Ndundu, na mvua zikizidi walikwama ng'ambo. Nilitazama chini. Mto ulikuwa umejikunja katikati ya mchanga mweupe, umegawanyika mikono mitatu minne, na juu ya fungu moja la mchanga kulikuwa na vitu vilivyolala kama magogo. Abiria mwenzangu, mama mmoja aliyekuwa anarudi nyumbani, alisema bila hata kugeuza shingo, "Mamba hao, wanaota jua."

Rufiji hukusanya maji ya Kilombero, Ruaha Mkuu na Luwegu, hupita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyomegwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019, kisha hutoka na kushuka vijijini hadi kwenye mikoko ya delta. Ndani ya hifadhi wanavijiji hawaruhusiwi kuvua. Nje yake huvua kwa leseni ya halmashauri. Lakini kiboko na mamba hawana habari na mpaka huo, na wanaoishi nao kila siku ni wale wa chini, wenye mitumbwi na ndoo za maji.

Nilishuka Nyamwage, nikachukua bodaboda hadi Utete na kuendelea hadi kijijini kwa Mjomba. Jua lilikuwa linaelekea kuzama. Baada ya shikamoo na marahaba, na habari za Dar zote, nikamwambia twende basi nikauone mto. Akakataa katakata.

"Saa hizi mto unatoka kuja kwetu. Kesho tutaufuata sisi."

Alichofanya ni kunipeleka nyuma ya nyumba, kabla giza halijaingia, akanionyesha njia ya kiboko. Nimepita porini mara nyingi bila kujua ninachokanyaga, na ningependa kila anayetoka mjini kwenda kuvua mtoni aionyeshwe njia hii kabla ya kitu kingine chochote. Ni mifereji miwili midogo inayokwenda sambamba, na katikati yake umebaki mgongo wa majani, kwa sababu miguu ya kushoto na ya kulia ya mnyama yule imeachana sana na tumbo linapita juu. Vichaka vya kando vilikuwa vimetapakaa kinyesi kilichorushwa kwa mkia. Ukiona alama hizo, hapo si pa kuweka hema wala pa kukaa na moto wako. Usiku kiboko hutoka majini kwenda kula majani, hula hadi kilo 40, na alfajiri hurudi kwa njia ile ile. Dume huweza kupita kilo 1,500, na nchi kavu hukimbia hadi kilometa 30 kwa saa. Mjomba anasema wengi wanaoumizwa na kiboko wamemkuta kwenye njia hiyo wao wakiwa wamesimama kati yake na maji. Mnyama anataka kurudi anakojua pana usalama, na wewe umemzibia mlango.

"Ukimkuta nchi kavu usisimame kumtazama. Toka kwenye njia yake, nenda pembeni, panda kichuguu au zunguka mti mkubwa. Mpishe."

Usiku niliwasikia. Ule mguno wao, unaoanza mmoja na kupokewa na wengine, unatikisa hata ukuta wa udongo.

Asubuhi hatukutoka mapema. Baharini saa kumi usiku niko kwenye maji, lakini Mjomba alisubiri jua lipande na viboko wote wawe wamesharudi. Mtumbwi wake ni wa mti mmoja, mwembamba, na kingo zake zimelainishwa na miaka ya mikono. Yeye alisimama tezi, yaani nyuma, na pondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi; mwanawe alikaa omo, yaani mbele, na kasia; mimi katikati na mishipi. Amri ya kwanza: mikono ndani. Hakuna kuning'iniza mkono majini, hakuna kunawa kwa kuinama. Amri ya pili ilikuwa ya kelele. Kila baada ya muda Mjomba aligonga ubavu wa mtumbwi kwa pondo, ko, ko, ko, kisha akasikiliza.

Nilidhani anawafukuza. Kumbe anawaarifu. Kiboko huzama kama dakika tano hivi, hutembea chini ya mto, na akiibuka ghafla chini ya mtumbwi wenu atapindua kila kitu kwa woga wake mwenyewe. Akisikia mnakuja, huinua kichwa akajionyesha alipo, nanyi mkajua pa kupita. Na kweli, tulipokata kona walitokea: masikio kwanza, yakitikisika na kumwaga maji, halafu macho, halafu pumzi nzito. Mjomba hakupita katikati wala hakupita kwenye kina. Aliubana mtumbwi kwenye maji mafupi ya upande wa mchanga, kwa sababu kiboko akiingiwa na hofu hukimbilia kwenye kina kirefu, na ukiwa huko umekaa barabarani kwake. Dume moja lilifungua kinywa hadi nikaona meno ya chini yote. Kwa mgeni huo ni mwayo tu, kumbe ni onyo. Mjomba alisimamisha pondo, akatungoja tutulie, akarudi nyuma taratibu na kuwapa nafasi zaidi. Hakuna aliyesema neno hadi tulipopita.

Tuliweka ndoana kwenye kijito kinachoingia mtoni. Kambare walikuja vizuri, na perege wawili wa kiganja. Kisha mshipi wangu ukapata samaki mzito, naamini kambare mkubwa, akawa anapiga maji juu, chubwi, chubwi. Mimi nilikuwa na furaha yote ya mvuvi. Mjomba hakuwa anamtazama samaki. Alikuwa anatazama ng'ambo, kwenye fungu la mchanga, ambako gogo moja lilikuwa limeondoka. Hakukuwa na mshindo, wala wimbi. Palibaki tu alama ya tumbo iliyoburuzwa hadi kwenye maji. Kabla sijaelewa, mwanawe alikuwa ameshatoa kisu na kukata mshipi. Muda mfupi baadaye maji yalifumka mahali pale pale samaki alipokuwa akihangaika.

Mamba huona, husikia na huvuta pumzi huku mwili wote umezama, kwa kuwa macho, masikio na pua vimekaa juu ya kichwa. Ndiyo maana maji matupu si ushahidi wa chochote. Nami nilimshika mkono yule kijana nikamshukuru, maana ningeuvuta mshipi ule hadi ubavuni mwa mtumbwi, mkono wangu ukiwa mbele.

Hatukuvua tena pale. Mjomba aliondoa mtumbwi moja kwa moja.

Samaki walisafishwa nyumbani, mbali na ukingo, na matumbo yakafukiwa. Jioni, tukila kambare wa nazi na wali wa mpunga wa bondeni, nilimsimulia habari za wavuvi wa Alaska nilizokuwa nimezisoma, kwa sababu mshipi ule uliokatwa ulinikumbusha. Huko Marekani ya kaskazini, kwenye mto Brooks ndani ya hifadhi ya Katmai, dubu wa kahawia hukusanyika wakati samoni wanapanda mto, na watu nao huja kuvua mto huo huo. Dubu akikaribia, mvuvi hutakiwa kuacha kuvua, na kama samaki yuko kwenye ndoana akate mshipi, kwa sababu samaki anayepiga maji ni mwito. Wanapotembea kichakani huzungumza kwa sauti ili dubu asishtuke. Chakula hukifungia mahali dubu hawezi kufungua. Wengi hubeba kopo la dawa ya pilipili ya kupuliza, inayofika mita saba hadi tisa. Na hawakimbii, kwani dubu hufika karibu kilometa 50 kwa saa na anayekimbia humwita afukuzwe.

Mjomba alisikiliza bila kula. Akauliza swali ambalo sikulitarajia. "Huyo dubu, akija, wanamwachia samaki?"

Nikamwambia hapana. Wanakata mshipi mapema ili samaki aondoke zake, dubu asipate kitu kutoka kwa mtu. Akipata mara moja tu, kesho akimwona mtu anamfuata.

"Basi hao wanajua," akasema. "Sisi leo tumechelewa kidogo, mamba amekula. Ndiyo maana sitarudi kijito kile kwa muda. Akizoea kwamba mtumbwi ukisimama pale kuna riziki, atakuja na kungoja mtumbwi."

Hapo ndipo mimi nasimama. Watu wa Dar wanaokuja mtoni kwa gari zao wikiendi, na nimewaona, husafisha samaki pale pale walipovulia, hutupa matumbo majini na kuondoka. Jumatatu wao wako ofisini, na kwenye ukingo ule ule anakuja mama kuchota maji. Wamemfundisha mamba mahali pa kula, na atakayelipa si wao. Nalisema kwa uchungu kwa sababu siku iliyofuata Mjomba alinipeleka bandarini, ndivyo wanavyoita mahali pa kuchotea na kuegesha mitumbwi, nikakutana na dada mmoja anayefanya kila kitu kwa mkono wa kushoto. Mamba alimkamata akiwa anafua, jioni, mahali alipokuwa akifua kila siku saa ile ile. Mamba hujifunza ratiba ya mtu. Serikali ina kifuta machozi kwa walioumizwa na wanyamapori, na fomu zake zilijazwa, lakini alichotaka kunionyesha yeye ni uzio.

Ni miti iliyochimbiwa majini kwa nusu duara, imesongamana kiasi kwamba mkono hupita na mamba hapiti. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliung'oa karibu wote, na maji yale yalipotanda mashambani mamba walionekana hadi kwenye majaruba ya mpunga. Sasa wanaujenga upya kidogo kidogo. Wakati haujakamilika, wanachota kwa ndoo iliyofungwa kwenye mti mrefu, mtu akiwa amesimama mbali na maji, na hawachoti mahali pamoja kila siku. Watoto hawatumwi peke yao.

Siku yangu ya mwisho sikuvua. Tulikata miti na vijana wa pale, tukachimbia upande wa chini hadi mchana, huku mzee mmoja akisimama juu ya ukingo kutazama maji, kazi aliyopewa na aliyoifanya bila kukaa chini. Upande wa juu bado uko wazi. Waya na misumari minene Utete ni ghali kuliko Kariakoo, kwa hiyo nimekubaliana na Mjomba nitavinunua huku na kuvipa basi la Jumamosi, na yeye atavipokea Nyamwage.