Aiskrimu ya Ramu na Sahani ya Jirani

Shangani, Mtwara, 27 Desemba

Aiskrimu ya Krismasi aliyotutengenezea wifi yangu ilikuwa tamu kwelikweli, wala simvishi kilemba cha ukoka. Yeye ni mpishi wa hoteli Dar es Salaam, na alishuka kwenye basi na krimu, maziwa mazito ya kopo, zabibu kavu na chupa ya ramu ya kahawia.

Zabibu alizilowesha kwenye ramu usiku kucha. Asubuhi nilipofunua bakuli, zile zilizokuwa zimekunjamana zilikuwa zimevimba, ngozi imenyooka, zinang'aa, na harufu ya sukari iliyoungua ikanipanda puani. Akapiga krimu mpaka ikasimama, akachanganya na maziwa na zabibu, kisha akamimina ramu kidogo sana. Nikamwambia aongeze. "Ukizidisha haitaganda, wifi," akanijibu, na alisema kweli. Kilevi chenyewe hakigandi mpaka baridi ifike nyuzi 114 chini ya sifuri, na friza ya nyumbani inafika kama 18 tu. Ukimimina bila kipimo unabaki na rojorojo. Ukiweka kidogo, aiskrimu inakuwa laini, kijiko kinaingia bila kusukumwa.

Kijiko cha kwanza kilinipa baridi na mafuta ya maziwa, basi. Baridi hufifisha ladha, kwa hiyo lazima usubiri. Ilipoanza kuyeyuka ulimini ndipo ramu ikajitokeza, kwanza harufu, halafu joto dogo likiteremka kooni. Ukija kung'ata zabibu, inapasuka na kumwaga yote iliyoyanywa usiku. Kwangu mimi zabibu ndiyo iliyoibeba aiskrimu ile. Na joto hili la Desemba, nilikula taratibu ili isiishe.

Lakini haikuvuka ua, na hilo ndilo lililonikaa moyoni.

Tumepakana na bibi mmoja Mwislamu anayelea wajukuu. Siku ya Iddi sinia lake la pilau na tambi hufika kwetu hata chai hatujanywa. Krismasi ni zamu yetu. Mwaka huu pilau ilivuka, kuku akavuka, keki na soda navyo vikavuka. Wajukuu walipokuja kurudisha vyombo wakaliona bakuli mezani. Nikawaambia, "Hii ina pombe, wanangu, siwezi kuwapa." Wakaitikia, "Haya, mama," wakaondoka. Jioni nilipokwenda kumwamkia bibi, alinishukuru kwa kuwaambia wazi. Hakuna aliyenuna. Hata watoto wetu wenyewe hawakupewa. Ila huku sikukuu ni kile kinachotoka mlangoni kwako kwenda kwa mwenzio, na kitamu kuliko vyote siku hiyo tukakila wakubwa wachache, watoto wakitutazama.

Wifi alisema mwakani atumie esensi ya ramu. Mimi nimekataa. Esensi nyingi zimeyeyushwa kwenye kilevi hichohicho, na aiskrimu haipikwi baada ya kutiwa ladha, kwa hiyo hakuna kinachopungua. Wapo wanaodai baridi inaua kilevi. Haiui. Siwezi kumpelekea bibi yule kitu ninachokitilia shaka.

Tangu juzi nawaza mabibo, yale matunda ya mkorosho. Harufu ya ramu ile, ukifumba macho, haiko mbali na harufu ya mashamba ya njia ya Newala wakati wa msimu, mabibo yameanguka chini ya mikorosho na kuanza kuchacha. Korosho inaokotwa, inapelekwa ghalani, inauzwa mnadani. Bibo linaachwa, maana halikai, kesho yake limeshaharibika. Sehemu yake inakamuliwa ikawa uraka, pombe ya mabibo, na uraka ukikenekwa unapata nipa, ambayo ni gongo tu na sheria imeipiga marufuku. Sitaki nipa kwenye aiskrimu. Nalitaka bibo lenyewe kabla halijachacha, na inaniuma kuona tunda lenye vitamini C kuliko chungwa likioza chini wakati zabibu tunazinunua dukani.

Kinachowakimbiza watu ni ukakasi wake, na ukakasi una dawa. Kamua, changanya juisi na wanga wa muhogo uliopikwa ukawa uji mwepesi, acha itulie. Wanga unaushika ukakasi na kuuzamisha chini. Chuja, chemsha juisi na sukari mpaka iwe nzito, ipoe, halafu lowesha humo zabibu. Sukari nayo huyazuia maji yasigande yakawa jiwe, kwa hiyo ulaini ule utapatikana bila tone la ramu. Joto la kooni sitalipata, najua. Nitatia tangawizi mbichi wakati wa kuchemsha, na juu ninyunyize korosho zilizokaangwa na kupondwa, zibaki na vipande vya kutafuna.

Msimu unaishia, lakini kaka yangu Newala ana mikorosho inayochelewa. Nimempigia aniletee ndoo ya mabibo yaliyoanguka asubuhi ileile, yasiyopondeka, na aje na gari la kwanza. Wifi amesogeza tiketi yake mpaka baada ya mwaka mpya, na bibi nimeshamwomba asiwapikie wajukuu kitu kitamu siku nitakayowapelekea aiskrimu ya mabibo.