Saa Tisa Usiku, Ndani ya Katoni

Stima ilipotea jana jioni, binti yangu akawasha koili ya mbu. Harufu ile ikanirudisha kwenye maabara yetu, ile ya madirisha yasiyofungika, na kwa yule kijana wa Dunga, ufuo wa wavuvi pale Kisumu.

Nilikuwa nafundisha konveksheni, yaani jinsi hewa ya moto inavyopanda na ya baridi kushika nafasi yake, kidato cha kwanza. Asubuhi tulianika karai mbili juani, moja ya mchanga, nyingine ya maji. Kufikia saa saba mchanga ulikuwa digrii 43, maji 28. Kilo ya maji hutaka jouli za joto kama 4,200 ndipo ipande digrii moja. Mchanga mkavu hautaki hata robo ya hizo. Nikaandika ubaoni, wakanakili, nikaona nimefundisha.

Kisha nikatoa katoni ya sabuni. Upande mmoja nilikuwa nimeukata nikabandika nailoni ya kuonea. Juu, mabomba mawili ya karatasi ngumu. Chini ya bomba la kushoto mshumaa: hiyo nchi kavu, mchana. Mdomoni mwa bomba la kulia kipande cha koili: hilo ziwa. Moshi ukasitasita, halafu ukazama. Ukashuka mwembamba kama uzi, ukatambaa chini ya katoni hadi kwenye mshumaa, ukapaa kushoto.

"Moshi unashuka!" Wa nyuma walipanda juu ya stuli. Nikawaeleza kwamba ndio upepo unaotupoza Kisumu alasiri, na kwamba ukipanda huko Nandi na Kericho una mkono wake katika mvua ya mawe inayochana majani chai.

Yule wa Dunga alikuwa amelala. Alilala kila siku, na kila siku nilimsimamisha. Nikamwita mbele, nia yangu kumwaibisha. Akaitazama katoni, akapiga mwayo.

"Mwalimu, hii ni ya saa ngapi?"

"Mchana."

Hakuomba ruhusa. Aliuhamisha mshumaa kulia, koili akaileta kushoto. Gamba la samaki, ngege, lilikuwa limekaukia juu ya ukucha wa kidole gumba, likawa linang'aa kila mwali ulipocheza.

"Hii sasa ni saa tisa usiku. Nchi kavu imepoa, ziwa bado lina joto. Tukienda kutoa nyavu na baba, upepo hutusukuma ndani ya ziwa, hatupigi kasia."

Tukangoja. Moshi ukayumba, ukasimama, kisha ukazama upande wake.

Nilimwambia arudi akae. Sikumsimamisha tena kwa kulala, lakini hata asante sikumpa. Mwalimu kijana ana kiburi chake. Muhula wa tatu hakuonekana. Nilisikia ana mtumbwi wake, nikasikia pia yuko Nairobi, na sikuwahi kushuka Dunga kuuliza.

Jana binti akataka kujua mbona naipeleka koili dirishani. Nikamwambia naangalia upepo. Ilikuwa saa mbili tu, ulikuwa haujageuka.