Paipu Tupu za Nyumba ya Rau

Nyumba ya wazazi kule Rau, Moshi, ilikuwa imeshapauliwa. Mchanga wa plasta ulikuwa umemwagwa uani, vibarua wameshaahidiwa Jumatatu. Ilikuwa mwaka 2018, na Baba alinipigia simu Arusha kunipa hiyo habari njema. Nikamuuliza kama paipu za mtandao zimeshawekwa ukutani. Akasema, "Za umeme zipo zote, mama. Hizo nyingine ndiyo zipi?" Ijumaa jioni nikapanda gari.

Kazi yangu ni kuvuta waya za mtandao maofisini na kwenye nyumba za wageni. Mara nyingi tunaitwa rangi imeshakauka, tunaishia kubandika tranki, yaani vifuniko vya plastiki vya kufichia waya, juu ya kuta nzuri, au kutoboa mahali ambapo hapakustahili kuguswa. Mzee alikuwa ameijenga nyumba ile kwa kiinua mgongo cha ualimu. Sikuwa tayari kuona ukuta wake ukipasuliwa mwaka mmoja baada ya kuhamia.

Fundi umeme alikuwa kijana msikivu. "Dada, siku hizi si kuna waifai?" Nikamwambia waifai nayo lazima ianzie kwenye waya. Ukuta wa tofali za inchi sita unaila, zege lenye nondo linaimaliza, na yale mawimbi ya gigahezi 5 yenye kasi ndiyo yanayochoka mapema zaidi. Akapendekeza basi waya za mtandao zipite kwenye paipu zake za umeme, tuokoe muda. Hapo nilikataa kabisa. Ngozi ya waya ikichubuka wakati wa kuvuta, volti 230 zinaingia kwenye kompyuta, au kwenye mkono wa mtu. Tukakubaliana paipu zangu zikae futi moja kutoka zake pale zinapokwenda sambamba, na zikibidi kukutana zikatane kama msalaba.

Jumamosi nzima tulichora kwa chaki na kupiga tindo. Kila chumba paipu moja, nyuma ya televisheni mbili, moja juu ya dari ya korido kwa ajili ya kifaa cha waifai, na nyingine hadi pembe za nje za nyumba, kwa sababu kamera za siku hizi zinapata umeme na kutuma picha kwa waya huo huo mmoja. Zote tulizileta stoo. Pale ni katikati ya nyumba na ni pakavu, na hakuna waya ambao ungekaribia mita 100, ambao ndio mwisho wa waya wa shaba wa mtandao. Linta hatukuigusa. Kona tulipinda taratibu kwa springi, maana elbo kali inakwamisha waya, na waya wa mtandao ukikunjwa vibaya kasi inapotea hata kama kwa macho ni mzima.

Boksi la waya lilikuwa limeshanunuliwa dukani mjini, mita 305, limeandikwa shaba tupu. Nikakata kipande, nikatoa uzi mmoja mwembamba, nikaukwangua kwa ncha ya kisu. Wekundu ukatoka kama rangi ya kucha, chini yake pakang'aa weupe. Alumini iliyopakwa shaba. Nilikasirika, kwa sababu waya huo unakatika upesi, na ukiupitishia umeme wa kamera unapata moto kuliko shaba halisi. Lilirudishwa siku hiyo hiyo. Wala sikuhangaika kutafuta jingine. Waya unaweza kusubiri, ukuta hausubiri. Ndani ya kila paipu tuliacha uzi wa nailoni, ule waashi wanaopangia mstari wa tofali, tukauvuta huku na huku kuhakikisha unateleza, kisha tukaziba midomo kwa makaratasi ya mifuko ya saruji ili plasta isiingie. Nikapiga picha kila ukuta huku futi ikiwa imenyooshwa pembeni.

Baba alikuwa kimya muda wote. Alizungumza Jumapili, tulipofika kwenye mtaro wa kutoka getini. Niliutaka mtaro ule kwa ajili ya faiba, ambayo ni kioo na haipitishi umeme, hivyo radi ikipiga nje haina njia ya kuingilia humo. Fundi alikuwa ameuchimba ukiwa umenyooka vizuri kutoka getini hadi ukuta wa stoo. Baba akasimama kichwani mwa mtaro, mgongo kwa mlima, akatazama chini.

"Mvua ya Aprili utaileta mpaka stoo, mama."

Alikulia Uru, ambako watoto wanajua zamu za kusafisha mfongo, ule mfereji wa maji wa Wachaga, kabla hawajajua kusoma. Kiwanja chetu kinateremka kutoka getini, na paipu ile ingekuwa mfereji uliofunikwa, unaotiririkia kwenye vifaa vya bei mbaya. Nimesoma mambo mengi kuhusu waya, lakini mteremko ule aliuona yeye kwanza, na nilijivunia sana.

Akamwelekeza fundi kwa fimbo. Ichimbwe chemba hatua chache kabla ya ukuta, chini yake wamwage kokoto bila zege, paipu ya kutoka getini iishie humo, na nyingine ianzie juu zaidi ipande kuingia ndani. Mimi nikaongeza mfuniko mzito na kuziba midomo. Fundi mwashi alilalamika kwamba vibarua wake watakaa bure. Baba akawalipa posho ya siku mbili kutoka mfukoni mwake.

Plasta ilianza Jumatano, baada ya mzee mwenyewe kumimina ndoo mbili za maji kwenye paipu pale getini, kisha akainama kwenye chemba kuyaangalia yakizama kwenye kokoto.