Skrini ya laptopu usiku wa kutazama nyota

Jicho linahitaji dakika 20 hadi 30 gizani kabla halijaona vizuri nyota hafifu. Skrini nyeupe huharibu hali hiyo kwa sekunde chache tu, kisha unaanza upya kungoja.

Kupunguza mwangaza hadi mwisho ni hatua ya kwanza, lakini haitoshi. Skrini za LCD zina taa ya nyuma isiyozimika hata picha ikiwa nyeusi tupu, mwanga huvuja. Kwenye Stellarium, programu ya ramani ya anga, bonyeza Ctrl+N, ramani yote inageuka nyekundu. Seli za jicho zinazoona gizani karibu hazihisi wekundu mzito, ndiyo maana rangi hiyo huchaguliwa. Tatizo: kiashiria cha kipanya, arifa na madirisha mengine hubaki na rangi zake. Zima arifa mapema. Usiiwashe upya laptopu uwanjani, maana nembo ya kuwakia hutoka kwa mwanga kamili.

Kinachosaidia kweli ni plastiki nyekundu inayopitisha mwanga, iliyokatwa kwa kipimo cha skrini na kubandikwa kwa selotepu. Tabaka moja jembamba hupitisha kijani na buluu, weka mawili. Kupima ni rahisi: angalia mwanga wa skrini ukiakisiwa kwenye CD. Ukiona ukanda wa kijani, ongeza tabaka.

Zima taa za kibodi, na taa ndogo za chaji zifunike kwa tepu nyeusi. Wekundu mkali nao huharibu, kwa hiyo punguza mpaka maandishi yasomeke kwa shida kidogo.