Nikipata nafasi nitakuita

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii tusome Matendo 24:22-27.

Waingereza wana usemi wao: mtu akizubaa hadi bahati ikampita, husema "ameikosa mashua". Hawausemi kwa aliyenyimwa nafasi. Huusema kwa yule ambaye chombo kilikuwapo gatini, naye akawa bado anajishauri hadi kamba zikafunguliwa. Mimi nikiusikia humkumbuka liwali Feliki wa Kaisaria, mji wa bandari.

Feliki hakuwa mgeni wa habari hizi. Luka, mwandishi wa Matendo, anasema aliijua vizuri Njia ile, yaani imani ya wafuasi wa Yesu. Yeye mwenyewe, pamoja na mkewe Drusila, ndiye aliyemwita Paulo ili asikie habari za imani katika Kristo Yesu. Na Paulo, mfungwa mbele ya mtu mwenye uwezo wa kumfungua, hakumbembeleza. Alisema juu ya haki, kiasi na hukumu itakayokuja. Feliki akaingiwa na hofu. Ndugu zangu, ile hofu ilikuwa neema! Neno lilikuwa limemfikia. Akajibu, "Sasa enenda zako, nami nikipata nafasi nitakuita."

Mstari wa 26 ndio unaoniuma. Nafasi aliipata. Alimwita Paulo mara nyingi, wakaongea. Lakini sasa alikuwa anangojea fedha, na ile hofu haitajwi tena. Kumbe mtu anaweza kukaa na Neno wiki hadi wiki huku anachongojea ni kitu kingine kabisa. Miaka 2 ikaisha hivyo, Porkio Festo akaja mahali pake.

Nami nilishasema maneno ya Feliki. Baada ya ibada kijana mmoja alinifuata: "Mzee, nina jambo, naomba tuombe." Nilikuwa nawahi kikao, nikamwambia Jumapili ijayo. Jumapili ile hakuja, wala iliyofuata. Baadaye nikasikia amehama, na namba yake sikuwahi kuichukua. Namtaja mbele za Bwana kila asubuhi, maana ndilo lililobaki mkononi mwangu.

Someni pia 25:14. Festo anamweleza mfalme Agripa juu ya mtu fulani ambaye Feliki alimwacha kifungoni. Baada ya hapo jina la Feliki halitajwi tena katika kitabu cha Matendo.