Ile 2/5 iliyofutwa ubaoni

Msimu wa mazoezi ya kufundisha ukifika, wanachuo wa ualimu hubeba madaftari mawili, logibuku na shajara ya tafakuri, na taabu huanza pale yote mawili yanapoandikwa kwa mtindo mmoja. Logibuku inataka kujua umefanya nini. Msimamizi anasaini, basi. Shajara inauliza kwa nini mambo yalikwenda vile.

Sentensi inayochosha kuliko zote ni hii: “Leo nilifundisha hesabu za sehemu, Kidato cha Kwanza B. Somo lilikwenda vizuri, wanafunzi walielewa.” Walielewa, nani kakwambia? Linganisha:

“Dakika ya 12 nikauliza 1/2 + 1/3. Sauti ya nyuma ikasema 2/5. Nikasema hapana, nikafuta, nikaendelea.”

Hapo kuna cha kuchimba. Hiyo 2/5 haikuokotwa: mtoto kajumlisha vya juu kwa vya juu, vya chini kwa vya chini, kama alivyozoea kwenye namba nzima. Tena 2/5 ni ndogo kuliko 1/2 aliyoanza nayo. Umeongezewa kipande cha chapati, imekuwaje ubaki na pungufu? Darasa lingebishana dakika tano nzima, ila dasta imeshapita. Na bado kuna swali gumu zaidi: nilifuta kwa kuwa jibu si sahihi, au kwa kuwa msimamizi alikuwa amekaa nyuma?

Hatua sita za kutafakari tukio alizopendekeza Gibbs (1988), yaani tukio, hisia, tathmini, uchambuzi, hitimisho na mpango, zinasaidia, lakini wengi hugawa ukurasa mafungu sita sawa. Tukio mistari minne yatosha, hisia miwili. Uchambuzi upewe nusu ukurasa. Mpango uwe sentensi inayohamia moja kwa moja kwenye andalio la somo la kesho: “Nitaanza na 2/5 ubaoni, wakate chapati za karatasi.” “Nitaboresha ufundishaji” haihamii popote, na bila jaribio la kesho mzunguko wa Kolb (1984) wa kujifunza kwa uzoefu, yaani kutenda, kutafakari, kupata wazo na kulijaribu, unakatikia njiani.

Andika siku ileile, dakika 15, tukio moja tu. Anayejaza siku tano kwa mpigo Jumapili usiku huwa ameshasahau maneno halisi ya wanafunzi, ndipo “walielewa” inaporudi. Majina yao yasiandikwe kabisa, maana daftari litapita mikono mingi. “M1, dawati la dirishani” inatosha. Ukurasa wa kushoto uache wazi. Baada ya siku tatu urudi na kalamu ya rangi nyingine, uandike kilichotokea chapati zilipokatwa.