Kulima ghorofani: nilianza na jua

Mtu akiona vyungu nilivyopanga kwenye roshani, huuliza mbegu nilipata wapi au udongo ni wa aina gani. Mimi humrudisha kwenye jua. Maji utayabeba kwa ndoo, udongo utaununua, mbolea utaichanganya mwenyewe. Lakini jua la ghorofani umegawiwa na jengo unalokaa, na jengo lililosimama mbele yako hulipunguza tena. Ukishajua fungu lako ni kiasi gani, maswali mengine mengi hujijibu.

Kwa hiyo kabla sijanunua hata kopo moja, nilichukua chaki. Siku ya mapumziko, anga likiwa wazi, kila saa nilichora sakafuni pale jua lilipoishia. Hadi jioni sakafu yote ilikuwa mistari mitupu, na mistari hiyo ndiyo iliyonigawia shamba. Ukingo wa nje, karibu na vyuma vya roshani, ulipata jua la moja kwa moja kama saa tano, karibu lote la asubuhi. Kule ndani ukutani lilifika saa mbili za kubahatisha. Dirisha la jikoni halikupata jua kabisa, ila mwanga wa anga tu. Zoezi hilo nimelirudia msimu ulipobadilika, maana njia ya jua huhama ndani ya mwaka na kivuli cha jengo la mbele huhama nayo.

Kwa kazi hii usiyaamini macho. Mboni hujitanua na kujibana mpaka chumba kikaonekana cheupe, ilhali mmea uliomo umo gizani. Kwa luksi, yaani kipimo cha mwanga unaoangukia mahali, jua la mchana huko nje hufikia takriban 100,000. Chumba ambamo unasoma gazeti bila shida kinaweza kuwa na luksi mia chache tu. Ziko programu za simu za kupima luksi. Si sahihi sana, lakini zinatosha kulinganisha kona mbili za nyumba moja. Iweke simu kwenye kioo cha dirisha, kisha rudi nyuma mita mbili uone namba inavyoporomoka. Hapo utaelewa kwa nini mche uliowekwa juu ya kabati hurefuka, hukonda na kulalia upande wa dirisha.

Mimea inayozaa matunda, yaani nyanya, pilipili, biringanya na tango, hutaka saa sita hadi nane za jua kamili. Saladi, spinachi na vitunguu vya majani huridhika na saa tatu au nne. Mchicha na mrehani, ingawa huliwa majani, hupenda jua na joto, kwa hiyo vyungu vyake vilipewa ukingo. Saladi, giligilani na nanaa zikakaa nyuma yake. Sikuwa na la kuamua hapo. Chaki ilikwisha kuamua.

Kuhusu nyanya nina maoni yangu, na najua wengi hawakubaliani nami. Mnyanya mmoja unataka chombo cha lita 20, kina cha sentimita 30, mti wa kuegemea, na jua lote zuri uliloligawiwa, nao unakuweka miezi mitatu hivi ukingoja. Sehemu hiyo hiyo ingekupa majani ya kukata kila wiki. Kama nafasi ni finyu, panda vile unavyovitumia kidogo kidogo na ambavyo vikinunuliwa hunyauka kabla ya kuisha: nusu ya fungu la giligilani siku zote iliishia kwenye ndoo yangu ya taka. Hata hivyo ninao mnyanya mmoja wa nyanya ndogo, kwa sababu ya mapenzi tu. Nyanya hujichavusha yenyewe, lakini ua lazima litikisike ili chavua ianguke. Nje upepo huifanya kazi hiyo. Roshani iliyozibwa vioo haina upepo, kwa hiyo ukiwa na ya namna hiyo, gonga shina kwa kidole saa za mchana maua yanapokuwa wazi.

Jambo ambalo watu hulipita haraka ni uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja. Chungu cha lita 20 kilichojaa udongo wa shambani uliolowa kinaweza kupita kilo 30, na vyungu vitano vya namna hiyo ni sawa na kuwaalika watu wazima wawili wahamie kwenye roshani. Nilimuuliza mwenye nyumba kwanza. Kisha chombo kizito nikakiweka kwenye kona, pale roshani inaposhikana na ukuta, na ukingoni nikaweka vyepesi tu. Vya kutundika nimevitundika upande wa ndani wa vyuma, kamwe si upande wa barabara.

Nilishuka pia kwa mama anayekaa chini yangu. Nikamwambia, “Mama, nataka kupanda mboga hapo juu. Maji yakikudondokea, tafadhali unigongee.” Akacheka. “Panda mwanangu, mradi usinilowanishie nguo kwenye kamba.” Tangu hapo namwagilia alfajiri, kabla hajaanika. Na alfajiri ndiyo saa nzuri kwa mimea yenyewe: inaingia kwenye joto la mchana ikiwa imeshiba, na majani yaliyorukiwa na maji hupata muda wa kukauka, kwani ukungu hupenda jani linalolala likiwa limelowa.

Udongo wa shambani haufai kwenye chungu, hata ukiwa mweusi na wenye rutuba. Ardhini una minyoo na mizizi ya kuutoboa, na maji yana pa kushukia. Ndani ya chombo hujishindilia kila unapomwagilia, nafasi za hewa huzibwa, na mizizi hukosa oksijeni. Mmea hunyauka huku umesimama kwenye maji, nawe ukidhani una kiu unauongezea mengine. Mchanganyiko ninaoutumia ni vumbi la makumbi ya nazi sehemu mbili, mboji iliyooza sawasawa sehemu moja, na perlaiti sehemu moja. Perlaiti ni zile punje nyeupe nyepesi za mwamba wa volkano uliochomwa. Ukiikosa, mchanga wa chenga kubwa utasaidia, ila utaongeza uzito. Vumbi la makumbi huuzwa likiwa limegandamizwa mfano wa tofali, na huumuka ukilimwagia maji. Lisuuze kwanza, kwani wakati mwingine huja na chumvi.

Halafu hii habari ya kokoto. Karibu kila mtu atakwambia uweke kokoto chini ya chungu ili maji yatoke vizuri. Mimi siweki. Maji yaliyoshikwa kwenye vijitundu vidogo vya udongo hayaingii kirahisi kwenye nafasi kubwa za kokoto. Hungoja mpaka udongo wa juu yake ujae kabisa ndipo yashuke. Kwa hiyo ile tabaka ya udongo uliojaa maji, ambayo bila kokoto ingekaa kwenye kitako cha chungu, inapanda juu na kuikaribia mizizi. Matundu ya kutosha chini yanatosha, pamoja na kipande cha wavu cha kuzuia udongo usitoke.

Vyombo nilivyonavyo vingi ni ndoo za plastiki zilizokwisha kazi, zilizokuwa na vyakula, nikazitoboa. Kina cha sentimita 15 kinatosha saladi na vitunguu vya majani. Mrehani na spinachi hustawi zaidi kwenye 20. Vyungu vya udongo ni vizuri kwa macho, lakini hupumua maji kupitia kuta zake na kwenye upepo wa ghorofa za juu hukauka upesi mno. Plastiki nyeusi nayo hupata moto juani, kwa hiyo zile zilizoko ukingoni nimezipaka rangi nyeupe.

Sina ratiba ya kumwagilia. Nachomeka kidole hadi pingili ya pili. Kukiwa kukavu, namwaga taratibu mpaka maji yatokee chini, kisha naacha. Vyungu vidogo nanyanyua tu, maana chungu kikavu ni chepesi na mkono hujifunza tofauti hiyo upesi. Maji ya juu juu kila siku ni mabaya kuliko maji mengi mara chache, kwa kuwa mizizi hubaki ikikusanyika juu ambako hukauka kwanza. Kwa mnyanya jambo kubwa ni usawa. Ukiukausha kisha ukaufurikisha, kalsiamu haifiki kwenye tunda inavyotakiwa, na kitako cha nyanya huwa cheusi hata kama kalsiamu imo tele udongoni. Visahani vya chini navimwaga. Mbu anaweza kutoka yai hadi kuruka ndani ya siku saba hadi kumi kukiwa na joto, na kisahani kimoja kilichosahauliwa kinamtosha.

Giligilani husumbua watu wengi, kumbe mahitaji yake ni machache. Kile tunachokiita mbegu ni tunda lenye mbegu mbili ndani. Lisugue taratibu hadi lipasuke, kisha loweka usiku mmoja. Panda pale pale litakapokulia, maana mzizi wake mkuu hauvumilii kuhamishwa. Joto likizidi na siku zikiwa ndefu, hukimbilia kutoa maua, na hakuna mbolea itakayolizuia. Dawa yake ni kutolitegemea lidumu: ninapanda kiganja kidogo kila baada ya wiki mbili au tatu, na chombo kimoja kikianza kurefuka shina, kingine kinakuwa tayari kukatwa.

Mrehani ndio unaonifurahisha zaidi. Usichume jani moja moja kutoka chini. Kata ncha juu tu ya jozi ya majani, na kwenye kwapa za majani hayo yatatoka matawi mawili mahali pa moja. Fanya hivyo tena na tena, usiache maua yafunguke, na mche mmoja utakuwa kichaka. Ncha ulizokata ziweke kwenye glasi ya maji dirishani. Ndani ya wiki moja au mbili hutoa mizizi. Vyungu vyangu vyote vya mrehani vimetoka kwenye mche mmoja kwa njia hiyo. Nanaa nayo huota kwa kukata vivyo hivyo, tena kirahisi zaidi, lakini ipe chombo chake peke yake, kwani mashina yake hutambaa chini ya udongo na kuwanyang'anya wengine nafasi. Vitunguu vya majani vya sokoni havihitaji hata mbegu: acha sentimita mbili tatu juu ya mizizi, chomeka udongoni, vinaota upya.

Kwa chakula cha mimea, kumbuka kwamba kila maji yanayotoka chini huondoka na kitu. Mboji hubeba mwezi wa kwanza hivi. Baada ya hapo natoa mbolea ya maji kila wiki mbili, nikiichanganya nusu ya nguvu iliyoandikwa kwenye chupa. Majani ya zamani yakianza kuwa manjano kabla ya machanga, mara nyingi ni nitrojeni imepungua, kwa sababu mmea huihamisha kutoka majani ya zamani kwenda kwenye machipukizi. Utando mweupe juu ya udongo mara nyingi ni chumvi za mbolea iliyozidi, na huondolewa kwa kupitisha maji mengi safi. Maganda ya mayai yanayosifiwa sana huchukua muda mrefu mno kuoza hadi yafae. Sina ugomvi nayo, ila siyahesabu kama mbolea.

Wadudu hupanda hata ghorofa ya juu. Vidukari ndio wa kwanza, na jike huzaa watoto bila kupandwa, kwa hiyo wachache wa leo wiki ijayo ni jeshi. Nageuza majani nikaangalie upande wa chini kila ninapomwagilia. Nikiwaona, nawaosha kwa maji ya nguvu kidogo, kisha napulizia kijiko cha chai cha sabuni ya maji kilichochanganywa kwenye lita moja ya maji, jioni, na asubuhi nasuuza. Vile vijinzi vidogo vyeusi vinavyoruka ukigusa chungu ni dalili ya udongo usiokauka. Acha sentimita mbili za juu zikauke kati ya maji na maji, na viluwiluwi wao hufa bila dawa.

Dirisha la jikoni, ambalo chaki ilisema halina kitu, sasa lina taa nyeupe ya LED iliyoning'inizwa sentimita 25 juu ya miche, ikiwa na saa ya kuiwasha na kuizima, saa 14 kwa siku. Hapo ndipo mbegu huanzia, na saladi hukulia hapo hapo hadi kukatwa. Kwa matunda taa hiyo haitoshi, na taa ya kutosha hula umeme ambao nyanya zake haziulipi.

Udongo uliotumika siutupi. Zao likiisha naumwaga kwenye turubai, nachambua mizizi, naongeza mboji mpya kama theluthi moja na kupanda kitu cha jamii nyingine: palipokuwa na mnyanya huenda saladi, wala si pilipili, kwa kuwa nyanya na pilipili ni ndugu na hushirikiana maradhi. Udongo wa mmea uliokufa kwa ugonjwa ndio pekee unaotoka ndani ya nyumba.